Herufi Tatu

Orodha ilikuwa na majina 41. Niliichapa Ijumaa mchana, karatasi mbili, nikaikunja na kuitia mkobani pamoja na chapati na chupa ya chai, maana nilijua wikiendi hiyo nitakula na kulala chumba cha seva.

Hospitali sitaitaja. Iko katika mji wa pwani, ina dirisha moja la dawa, na foleni yake huanza kabla jua halijachomoza. Kazi niliyopewa ilikuwa kuhamisha mfumo kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya. Ya zamani ilikuwa inaendesha SQL Server 2008 R2, toleo ambalo Microsoft waliacha kulihudumia tarehe 9 Julai 2019. Sisi tuliendelea nalo, kama watu wanaoendelea kupanda daladala ambayo breki zake anazijua dereva peke yake. Siku za joto tulifungua ubavu wa ile mashine na kuielekezea feni ya mezani. Mpya ilikuwa kimya kiasi cha kunitia shaka.

Aliyeijenga ile ya zamani, na ndiye aliyenifundisha kazi, alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne kabla. Tulimwita Mzee wa Seva, ingawa hakufikisha hata miaka 60. Nilipoanza kazi nilikuta kila mfanyakazi ana akaunti yake mwenyewe ndani ya seva, keshia na yake, muuguzi na yake, dada wa famasi na yake. Nikamwambia Mzee kwamba ingekuwa rahisi famasi nzima watumie akaunti moja. Aliniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, kila mtu na jina lake. Dawa ikipotea nataka kujua nani alikuwa dirishani."

Jina la 17 kwenye orodha lilikuwa herufi tatu, za kwanza za majina yake matatu. Nililikata kwa kalamu nyekundu. Marehemu haingii kazini, nilijisemea, nikabaki na watu 40.

Kuhamisha data zenyewe hakukunisumbua. Nilichukua nakala rudufu Jumamosi alfajiri, nikairejesha kwenye seva mpya, nikahesabu wagonjwa, nikahesabu risiti, namba zikalingana. Kazi iliyobaki ilikuwa watu. Akaunti za kuingilia hazikai ndani ya kanzidata ya hospitali. Zinakaa kwenye kanzidata ya seva yenyewe, ile inayoitwa master, na ukibeba kanzidata yako kwenda seva nyingine zenyewe zinabaki nyuma. Hilo nililijua. Kwa hiyo nikakaa na karatasi zangu mbili, nikafungua akaunti 40 moja baada ya nyingine, jina lile lile herufi kwa herufi, kila moja na nywila ya muda niliyoiandika kwenye kikaratasi.

Halafu nikataka kuwapa hao 40 nafasi ndani ya kanzidata ya hospitali. Seva ikanijibu kwamba mtumiaji huyo tayari yupo. Nikajaribu wa pili, tayari yupo. Wa tatu, vivyo hivyo. Nilifurahi. Nilidhani nimeokolewa kazi ya saa nzima. Nikajaribu kufungua mfumo kwa akaunti yangu, ambayo ni ya msimamizi, ukafunguka bila kusita. Nikala chapati. Jumapili jioni nikabadilisha anwani ya seva kwenye kompyuta zote, nikaenda nyumbani nikalala kama mtoto.

Kosa langu lilikuwa hapo, na leo nikiwa nafundisha wengine ndilo la kwanza ninalowaambia: akaunti ya msimamizi haikatazwi mahali, kwa hiyo haikujulishi lolote. Nilijaribu mlango kwa ufunguo unaofungua milango yote, nikatangaza kwamba milango yote ni mizima.

Jumatatu saa 1 na nusu asubuhi dada wa famasi alinipigia. "Mdogo wangu, mfumo umenikataa."

"Umeandika ile nywila ya kwenye kikaratasi?"

"Nimeiandika mara nne. Njoo mwenyewe."

Nilipofika mapokezi walikuwa wamekataliwa, keshia wamekataliwa, wodi ya wazazi wamekataliwa. Ujumbe ulikuwa ule ule kila skrini: seva haiwezi kufungua kanzidata iliyoombwa, kosa namba 4060. Nywila zilikuwa sahihi. Mtu alikuwa anapokelewa getini kisha anazuiwa mlango wa wodi, na jina lake limebandikwa pale pale mlangoni.

Nieleze kwa namna nilivyokuja kuelewa mwenyewe, nikiwa nimesimama kwenye korido na kompyuta mpakato juu ya mzani wa kupimia watoto. Kuna madaftari mawili. Moja liko getini, ndilo la seva. Jingine liko wodini, ndilo la kanzidata. Yote mawili yana majina, lakini hayatambuani kwa majina. Yanatambuana kwa namba, kitambulisho cha baiti 16 ambacho kikichapwa kinaonekana kama sifuri na herufi x zikifuatwa na tarakimu 32. Siku ya kwanza unapoandikishwa getini, seva inakubunia namba hiyo bila mpangilio wowote, na wodini wanainakili. Nilipofungua akaunti upya kwenye seva mpya, kila mtu alipewa namba mpya. Daftari la wodini lilikuwa limekuja na data kutoka seva ya zamani, na lilikuwa na namba za zamani. Dada wa famasi wa getini na dada wa famasi wa wodini walikuwa watu wawili tofauti wenye jina moja. Ndiyo maana seva iliniambia tayari yupo. Kweli alikuwepo, ila hakuwa huyu niliyemleta.

Maelezo ya Microsoft yana jina la watumiaji wa namna hiyo, walio na nafasi wodini na hawana mtu getini. Wanaitwa yatima. Kuna amri ya kuwaorodhesha. Niliiendesha pale koridoni, wakatoka 40, wote kwa mpangilio wa alfabeti, dada wa famasi yumo, daktari wa zamu yumo.

Dawa yake ni mstari mmoja kwa kila mtu: unaiambia kanzidata kwamba mtumiaji huyu ni wa akaunti ile. Mistari 40 haichukui hata dakika 20. Ila mpaka nilipojua kwamba hiyo ndiyo dawa ilikuwa imefika saa 5. Kwa saa tatu na nusu dirisha la dawa lilitoa dawa kwa kuandika kwenye daftari la shule, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza mara mbili kama mimi ndiye fundi. Mara ya kwanza nilisema ndiyo. Mara ya pili nilijifanya naongea na simu.

Saa 5 na robo watu wakaingia, mapokezi wakapiga makofi. Nikaketi. Haikupita nusu saa, daktari wa zamu akaja mwenyewe, hakutuma mtu. Majibu ya maabara hayaji. Maabara wanasema wameyatuma, kwenye skrini yake hakuna kitu. Mzee mmoja alikuwa amelala benchi tangu alfajiri akisubiri wingi wa damu. Daktari alikwenda maabara kwa miguu akarudi na majibu yameandikwa kiganjani kwa kalamu.

Programu inayochukua majibu kutoka maabara na kuyapeleka kwa madaktari aliiandika Mzee. Iko kwenye kompyuta ya maabara, faili moja ambayo huwezi kuifungua ukaisoma ndani. Nilipotazama kumbukumbu za seva mpya, nilikuta kosa namba 18456, la kuingia kukataliwa, likijirudia kila dakika tangu usiku. Jina la aliyekataliwa lilikuwa herufi tatu.

Mtu wa 41. Yule niliyemkata kwa kalamu nyekundu.

Nywila yake ilikuwa imefungiwa ndani ya programu ile, na hakuna aliyeijua. Saa 8 mchana mkuu wa kitengo aliamua turudi seva ya zamani. Hakunifokea, na mpaka leo namshukuru, ingawa kufokewa kungepita haraka zaidi. Yote yaliyoingizwa kwenye seva mpya tangu saa 5 mpaka saa 8 tuliyaingiza upya kwa mkono kutoka kwenye karatasi, mimi na keshia wawili, jioni mbili mfululizo.

Jumatano nilikwenda kwa mjane wake. Nilikuwa nimekwenda msibani na kwenye arobaini, tangu hapo sikuwa nimerudi, na aibu hiyo niliibeba pamoja na kilo mbili za sukari. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umetukumbuka."

Nilimweleza nilichofuata. Nilisema labda Mzee aliacha daftari, labda aliandika mahali. Alisikiliza, vidole havikuacha kuchambua.

"Kwa hiyo bado yuko kazini," alisema.

Sikujua nicheke au nifanyeje. Nilisema programu aliyoiandika ndiyo bado inafanya kazi, na inatumia jina lake.

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Aliingia ndani akarudi na mfuko wa nailoni. Mlikuwa na daftari moja, nusu yake hesabu za harusi ya binti yao, nusu michoro ya waya za mtandao wa wodi ambazo nilizitambua. Nywila haikuwemo. Chini ya daftari kulikuwa na bahasha ya kaki, akanipa nisome, kwa sababu nilikuwa pale na nilikuwa naweza kusoma barua za ofisi. Mafao ya Mzee yalikuwa hayajatoka. Barua ilisema majina ya marehemu hayawiani: kwenye barua ya ajira jina la katikati ni Saidi, kwenye kitambulisho cha taifa ni Said. Aambatishe uthibitisho kwamba ni mtu mmoja.

"Nimeishi naye miaka 31," alisema. "Wanataka nithibitishe kwamba ni mtu mmoja."

Niliisoma barua mara ya pili, nikaona aibu kwa namna ambayo sikuitarajia. Siku mbili kabla nilikuwa nimelaani seva kwa kutojali jina na kushikilia namba. Hapa kulikuwa na ofisi yenye namba yake ya ajira na namba yake ya kitambulisho, na yenyewe ilikuwa imeshikilia herufi moja ya jina. Niliomba nichukue nakala ya barua niipeleke utumishi. Akasema chukua, nakala anazo nyingi.

Alhamisi nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya yote. Orodha ya akaunti inakuambia nani aliwahi kupewa ufunguo. Haikuambii nani anautumia. Lakini ukiiuliza seva vikao vilivyo wazi wakati huo, inakupa jina la akaunti, jina la kompyuta, programu iliyotumika na saa ya kuingia. Nilichuja herufi tatu. Nilitarajia mstari mmoja.

Ilitoka miwili. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kompyuta ya maabara, programu ya majibu, saa 07:04 kwa mwandiko wa seva, yaani saa 1 na dakika 4 asubuhi, muda ambao fundi wa maabara huwasha mashine. Wa pili ulikuwa wa kompyuta ya stoo ya dawa. Programu haikuwa ya Mzee. Kilikuwa chombo cha msimamizi, kile ambacho mtu huandikia amri kwa mkono. Aliingia saa 3 na dakika 21, na alikuwa bado ndani.

Akaunti ya Mzee ilikuwa na mamlaka yote ya seva. Kwa akaunti hiyo unaweza kubadilisha idadi ya dawa yoyote, tarehe yoyote, na jedwali la marekebisho litaandika herufi tatu. Nilifungua jedwali hilo. Kulikuwa na marekebisho 63 yaliyofanywa na Mzee tangu tumzike.

Kaka wa stoo nilimfahamu kama mtu anayekuja kazini kabla ya wote na anayekataa kutoa hata boksi la glavu bila sahihi. Nilikwenda mchana, wengine wakiwa wamekwenda kula. Sikuzunguka. Nilimuuliza anaingiaje.

Alinyamaza, kisha akafungua kabati. Ndani ya mlango wa kabati palikuwa pamebandikwa kipande cha boksi la dawa, na upande wa nyuma wa kipande hicho kulikuwa na mwandiko wa Mzee. Mstari mmoja wa amri, na chini yake neno.

"Alinipa mwenyewe," alisema. "Mtu akikosea kuandika 100 badala ya 1,000, mfumo haurudi nyuma. Nilikuwa nampigia simu kila siku, hata Jumapili. Akachoka. Akasema sasa utarekebisha mwenyewe, lakini usimwambie mtu."

Nilikuwa nimeshageuza uso. Sikutaka kuliona lile neno. Nilijua nikiliona nitalitumia, na baada ya hapo tutakuwa wawili tunaosaini kwa jina la marehemu.

Siwezi kusema kaka wa stoo aliiba, wala siwezi kusema hakuiba. Baadaye kamati ilihesabu stoo, baadhi ya dawa zilizidi na baadhi zilipungua, kama stoo yoyote inayohesabiwa baada ya muda mrefu. Katika marekebisho yale 63 hakuna hata moja ambalo mtu angeweza kulisimamia mbele ya mkaguzi na kusema nililifanya mimi, kwa sababu hii. Hilo ndilo lililoniuma, na aliyenifunza kuumwa nalo ni Mzee yule yule aliyeandika kwenye boksi. Nimejaribu kumkasirikia. Halafu nakumbuka jinsi simu yake ilivyokuwa inalia Jumapili.

Nilimwambia kaka achane kile kipande. Alikichana mbele yangu vipande vinne, akavitia kwenye ndoo ya taka za dawa zilizokwisha muda, ambazo huchomwa.

Wikiendi ya pili nilikwenda na orodha ya majina 41, hakuna lililokatwa.

Safari hii sikufungua akaunti kwa mkono. Microsoft wametoa programu ndogo iitwayo sp_help_revlogin, inapatikana kwa yeyote anayeitafuta, na kama ningeitafuta mapema nisingekuwa na la kuandika hapa. Unaiendesha kwenye seva ya zamani, nayo inakuandikia amri za kufungua akaunti zote kwenye seva mpya, kila moja ikiwa na kitambulisho chake cha zamani, kwa hiyo daftari la getini na la wodini yanawiana tangu mwanzo na hakuna anayekuwa yatima. Nywila nazo zinakuja, ila haziji zenyewe. Seva haihifadhi nywila. Inazisaga pamoja na chumvi kidogo ya bahati nasibu na kuhifadhi ule unga, ambao mafundi wanauita hashi. Unga haurudi kuwa mahindi. Lakini ukiubeba unga wa mtu kwenda seva nyingine, kesho yake akija na mahindi yake seva itayasaga, italinganisha, itamfungulia.

Mstari wa 17 ulikuwa kama mingine. Herufi tatu, kitambulisho chake, halafu 0x0100 na tarakimu zake nyingine 48. Niliutazama kwa muda. Lile neno la ndani ya kabati, ambalo nilikataa kulisoma, lilikuwa hapo mbele yangu limesagwa, na nilikuwa nakwenda kulihamisha bila kulijua. Mkuu wa kitengo alikuwa ameniambia, hamisha kila kitu kama kilivyo, usivunje kitu. Niliuendesha.

Kitu kimoja sikukihamisha kama kilivyo. Ile programu ndogo inabeba akaunti, haibebi vyeo vya kwenye seva. Vyeo unavigawa upya mwenyewe, na wengi huvigawa kwa kunakili vya zamani bila kuvitazama. Cha Mzee sikukirudisha. Kwenye seva ya zamani hakuwa hata na jina kwenye daftari la wodini, hakulihitaji, alikuwa na ufunguo wa jengo zima. Kwenye mpya nilimwandikisha wodini kama mfanyakazi wa kawaida: asome maombi ya vipimo, aandike majibu ya vipimo, basi. Kaka wa stoo nilimfungulia ukurasa wa kurekebisha idadi kwa akaunti yake mwenyewe, unaodai sababu kabla ya kuhifadhi.

Jumapili sikujaribu kwa akaunti yangu. Nilimwomba dada wa famasi, aliyekuwa zamu, aje na nywila yake ya siku zote. Aliandika bila kuangalia vidole, mfumo ukafunguka, akaniuliza, "Sasa umebadilisha nini?" Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile. Maabara walituma majibu ya majaribio, yakafika. Jumatatu saa 1 na dakika 4 niliuliza seva mpya nani yuko ndani, na Mzee alikuwa mmoja wao.

Mkuu wa kitengo alipokea taarifa yangu akaniita. Nilikuwa nimeandika kwamba akaunti ya mtumishi aliyefariki ilikuwa ikitumika kurekebisha stoo, kwamba aliyeitoa ni yeye mwenyewe akiwa hai, na kwamba sasa imepunguzwa mamlaka. Aliniuliza kama kuna haja ya kuandika ni nani aliitoa. "Mtu amekwenda," alisema. "Familia yake bado inahangaika na mafao." Nilikuwa nimeshalifikiria hilo usiku mzima. Nilimjibu kwamba nikiacha sehemu hiyo, wa kulaumiwa atabaki kaka wa stoo peke yake. Alikaa kimya, akasaini. Sikujua kama nilimtendea haki Mzee. Sijui hata leo.

Ile barua niliifikisha utumishi. Wakasema kinatakiwa kiapo, na anayeapa ni msimamizi wa mirathi, na msimamizi ni mwana wa kwanza ambaye yuko Mwanza. Alikuja, akaapa, akarudi. Naandika haya barua ikiwa inasubiri sahihi nyingine. Mjane hunipigia kila mwisho wa mwezi, na akishauliza habari za barua huuliza na habari ya pili. "Na yule wenu bado anaingia?"

Kwa miezi mitano nilimjibu ndiyo. Programu mpya ya majibu ilichukua muda huo wote, maana niliiandika mwenyewe usiku na wikiendi, na kila nilipodhani nimemaliza maabara walinikumbusha kipimo ambacho Mzee alikipangia njia yake ya pekee. Ilipokamilika tuliziendesha zote mbili sambamba wiki mbili. Kisha Ijumaa jioni, wodi zikiwa zinabadilishana zamu, niliizima ya zamani kwenye kompyuta ya maabara na kuandika amri ya kusimamisha akaunti ya herufi tatu. Sikuifuta. Ukifuta akaunti, kile kitambulisho cha tarakimu 32 kinaondoka getini, na nilitaka kibaki.

Jumatatu saa 1 na dakika 4 nilitazama vikao. Maabara walikuwa ndani kwa jina jipya.

Saa 3 na nusu nilifungua kumbukumbu za seva, mazoea tu. Seva huandika kila anayekataliwa. Mtu akiijaribu akaunti iliyosimamishwa kwa nywila isiyo sahihi, linaandikwa lile lile kosa la kawaida, 18456. Akitumia nywila sahihi linaandikwa jingine, 18470, la kumwambia kwamba akaunti imesimamishwa, kwa sababu ameonyesha anayo haki ya kujua. Kulikuwa na mistari mitatu, yote ya herufi tatu, yote 18470, yote kutoka kompyuta ya stoo, ndani ya dakika mbili.

Nilisubiri mpaka saa 10. Wa nne haukuja.